Jozi Ishirini

Shem Wafula mwenyewe anakubali kwamba Jumamosi ile mjinga alikuwa yeye. Halazimishwi. Ukimkuta steshini pale Stechford, Birmingham, akingoja treni ya kwenda kazini, ukamuuliza habari za ule mchezo wa vigae, ataanza kucheka kabla hujamaliza swali, kisha atakuambia, "Ndugu yangu, mjinga nilikuwa mimi, wewe andika hivyo tu." Hilo halina ubishi. Ni mengine yote anayoyabishia mpaka leo.

Basi mjinga wetu alitoka nyumbani saa nne asubuhi, amevaa shati la kitenge, kwapani amebana boksi la viatu, na mkononi amemshika binti yake Rita, mwenye miaka saba. Ndani ya boksi mlikuwa na vigae arobaini vya mbao. Walikuwa wanakwenda Kings Heath, kwenye ukumbi wa kanisa ambao Wakenya huukodi mara moja kwa mwezi kwa ibada na chai. Huko Shem alikuwa ameahidi kuwaonyesha wazazi wenzake jinsi mtoto aliyezaliwa Birmingham anavyoweza kufundishwa Kiswahili kwa miezi mitatu, bila kiboko na bila machozi.

Vigae vyenyewe vilikatwa na jirani yao Kewal, mzee wa Kisikh aliyezaliwa mtaa wa Ngara, Nairobi, na kujifunza useremala kwa baba yake hukohuko kabla hawajahamia huku. Alitumia mbao za kabati kuukuu, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama sabuni. Alipoambiwa ni za kumfundishia mtoto Kiswahili, alikataa hata kikombe cha chai. Alisema watoto wake mwenyewe walimshinda, na sasa Kiswahili chake kimebaki cha kumtukania paka.

Picha alichora Shem. Sufuria, mwiko, ufagio, jembe, kikapu, taa, mbuzi, ng'ombe, vitu ishirini kwa jumla, kila kimoja mara mbili. Shem si mchoraji. Mbuzi aliyemchora, Rita alimwita mbwa wiki mbili mfululizo, na ufagio ulikuwa kama mtu aliyepokea habari mbaya akiwa amesimama.

Lakini vigae hivyo havikuchongwa kwa ajili ya kucheza tu, na hapo ndipo penye shida.

Krismasi iliyopita, katika ukumbi uleule, binti wa Ronny aliombea chakula kwa Kiswahili kilichonyooka, tangu baraka hadi amina, na kina mama wakafuta machozi. Ronny alikuwa amewapeleka watoto wake Nakuru kwa bibi yao, wakasoma huko miaka miwili, wakarudi hivyo. Rita alipoulizwa kwa Kiswahili kama anataka kuku au nyama, alielewa vizuri kabisa, akajibu kwa Kiingereza cha Stechford. Ronny akamgeukia Shem na kumuuliza, kwa sauti iliyofika meza tatu, "Na huyu wako tumtafutie mkalimani?"

Watu walicheka. Shem alicheka pia. Lakini jambo hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki, na mwiba wa samaki hautolewi kwa kucheka.

Ikumbukwe kwamba nyumba ile ni ya Kiswahili tangu msingi. Shem ni Mluhya wa Kitale, mkewe Milka ni Mkalenjin wa Kapsabet. Kiswahili ndicho walichotongozana kwacho na ndicho wanachogombana kwacho. Mtoto peke yake ndiye aliyekaa nje ya lugha hiyo, akisikiliza kama mtu anayesikia majirani kupitia ukutani. Kwa hiyo Januari, siku moja Milka akiosha vikombe, Shem alisimama mlangoni pa jikoni na kutoa masharti.

"Akiweza kutaja vyote ishirini ifikapo Pasaka, anabaki. Asipoweza, Julai anaenda Kitale kwa mama. Asome huko miaka miwili, arudi akiwa mtu."

"Vyote ishirini?" Milka aliuliza.

"Vyote ishirini."

Milka akaendelea kuosha vikombe. Shem aliuchukua ule ukimya kuwa ni ndiyo. Miaka tisa ya ndoa, na bado alikuwa hajajua kwamba Milka akikubali husema, na akinyamaza ujue anapanga.


Wakaanza kucheza. Kila Jumamosi baada ya chai Shem aliketi kwenye zulia, Rita akaketi mbele yake, vigae katikati. Nyuma ya Shem alisimama Milka akipiga pasi sare zake za uuguzi. Ana sare tatu. Kazi ya robo saa ilikula saa nzima kila wiki, na mume mtu, ambaye katika nyumba ya wazee anakofanya kazi husifiwa kwa kumtambua mzee aliyeficha kidonge chini ya ulimi, hakujiuliza hata siku moja pasi ile inapiga nini.

Wiki ya kwanza Rita alitaja vitu viwili. Ya tatu, saba. Kila akifunua jozi aliinua uso, macho yakang'aa, akatua kidogo, kisha neno likatoka: kikapu. Jembe. Ng'ombe. Shem alikuwa akiyatazama macho yale na kujisikia kama mtu anayewasha taa moja moja katika nyumba iliyokuwa giza. Kufikia katikati ya Machi vyote ishirini vilitajwa bila kosa. Shem alitoka mbio na soksi mpaka kwa Kewal kumpa habari, na Jumapili iliyofuata alimtumia ujumbe katibu wa ukumbi: mwezi ujao nipeni nusu saa, nina kitu cha kuwaonyesha.

Milka alijaribu kuizuia safari hiyo. Alianza kwa kusema ukumbi una baridi. Halafu akasema Rita ana kikohozi. Mwishowe, ile Jumamosi yenyewe saa kumi na mbili asubuhi, simu ilipopigwa kutoka wodini kwamba kuna mwenzao amelala mgonjwa na zamu haina mtu, alisimama na kiatu kimoja mguuni na kusema waahirishe mpaka mwezi ujao awepo.

"Kwani wewe ndiye unayecheza?" Shem alimuuliza, naye akacheka utani wake mwenyewe.

Milka alimtazama Rita aliyekuwa akila uji wake. Rita akamtazama mama yake. Kisha Milka akavaa kiatu cha pili na kwenda kazini.


Ukumbi ulijaa vizuri. Chai ilikuwa tayari, maandazi yamefunikwa kwa taulo, na kina baba wamejipanga nyuma karibu na mlango kama watu wanaotarajia kutoroka. Shem alipanga vigae mezani, kifudifudi, safu tano za vigae vinane, akawaita watu wasogee. Alieleza mchezo kwa furaha ya mtu anayewagawia wenzake dawa.

Kila mchezaji kwa zamu yake, alisema, anafunua vigae viwili. Visipofanana anavirudisha palepale vilipokuwa, kifudifudi vilevile, na kila mtu anajitahidi kukumbuka vilikuwa wapi. Vikifanana, msishangilie bado. Lazima mtoto ataje jina la kitu kwa Kiswahili. Akitaja, jozi ni yake na anacheza tena. Asipotaja, anavirudisha, na anayefuata anaruhusiwa kuvichukua kama jina analijua. Mwenye jozi nyingi mwishoni ndiye mshindi.

"Na hakuna kusaidia," aliongeza, kidole juu. "Mzazi ukimnong'oneza mtoto, umemwibia."

Wazazi walitikisa vichwa. Mtu mmoja aliandika.

Wa kucheza na Rita alitolewa Brigid, binti wa Ronny, yule wa sala. Ana miaka tisa, mikia ya nywele imefungwa utepe, Kiswahili chake kimetoka Nakuru kikiwa na moto. Ronny alijisogeza mbele akakaa ule ukaaji wa mtu mwenye hakika kwamba hajatoka bure.

Zamu ya kwanza Rita alifunua ufagio na taa. Akarudisha. Brigid akafunua sufuria na jembe. Akarudisha. Rita akafunua kigae kipya, jembe, na bila kusita akaenda moja kwa moja kwenye lile jembe la Brigid. Ukumbi ulipiga makofi. Kwa kukumbuka mahali, mtoto huyu hakuwa na mwenzake, na hilo lilikuwa kweli tangu siku ya kwanza.

Rita aliinua uso. Macho yake yakapita juu ya bega la baba yake, yakaenda ukutani, kwenye tangazo la nini cha kufanya moto ukitokea, yakabaki hapo.

"Sema, mama," Shem alimwambia kwa upole. "Ni nini hicho?"

Rita aliendelea kulitazama tangazo. Mwishowe akavirudisha vigae, Brigid akavifunua palepale, akasema "jembe" na kuvivuta upande wake.

Ikaendelea hivyo. Rita alifunua sufuria zote mbili, Brigid akazichukua. Rita alifunua vikapu, Brigid akavichukua. Mmoja alikuwa mwindaji, mwenzake mlaji. Katika jozi zote alizozipata Rita alitaja moja tu, mbuzi, labda kwa sababu yule mbuzi mbaya alikuwa amezungumzwa sana nyumbani. Makofi yalipungua, halafu yakawa ya huruma, na makofi ya huruma yana mlio wake. Mama mmoja akakohoa akauliza kama watu wanataka chai sasa.

Hapo ndipo Shem alipofanya kosa la kuendelea. Aliinama, akashika kigae cha mwiko, akamwekea Rita mbele ya macho. "Lakini nyumbani unajua. Kila wiki unaniambia. Hii ni nini?"

Rita alimtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze.

"Mummy does the words," alisema.

Hakusema kwa ubaya wala kwa woga. Alisema kama mtu anayemweleza fundi kwa nini gari haliwaki: kazi ya maneno ni ya Mama, na Mama hayupo.

Kicheko hakikulipuka. Kilitambaa chini ya meza kwanza, kikapanda taratibu, watu wakifunika midomo kwa adabu. Ronny ndiye aliyekifungulia mlango. "Shem, mchezo ni mzuri, hatukatai," alisema. "Ila naona betri zake ziko wodini."

Shem alicheka kuliko wote. Amelelewa katika nyumba ya watoto tisa, na huko alijifunza mapema kwamba anayecheka wa kwanza hupigwa kidogo. Alicheka akikusanya vigae, alicheka akipokea andazi asilolitaka, alicheka akipiga magoti kutafuta kigae kimoja kilichoangukia chini ya kiti cha mtu. Alipoinuka alikuwa bado anacheka, na uso wote ulikuwa unamuuma.


Ronny alijitolea kuwapa lifti. Shem alikataa, akasema wana pa kupitia. Walisimama kituoni wakingoja basi namba kumi na moja, mvua ile isiyonyesha wala isiyoacha ikiwatia ubichi mabegani, boksi la viatu likianza kulainika pembeni. Watu walipita na mifuko yao ya sokoni. Rita alikuwa amemaliza andazi la baba yake.

Halafu akauliza, kwa Kiingereza chake, kama sasa itabidi aende Kitale.

Shem aliganda. Neno Kitale, kwa maana hiyo, hakuwahi kulitamka mbele ya mtoto. Alikuwa na hakika kabisa. Akamuuliza nani aliyemwambia habari hizo, na Rita, kwa kuwa siri ilikuwa imeshavunjika na haikuwa na kazi tena, akamweleza yote mpaka basi lilipofika na baada ya kupanda. Mama alimwambia kwamba akikosa maneno atapelekwa kukaa Kitale, mbali, na Mama atabaki huku. Mama alisema watakuwa na mchezo wao ndani ya mchezo wa Baba. Rita akifunua jozi asimtazame Baba, amtazame yeye, naye atalisema neno kwa midomo bila sauti, akiwa ameinamia pasi. Rita alikuwa hodari sana wa kusoma midomo, alisema. Mama alimsifu.

Shem alikuwa anahesabu Jumamosi. Yale macho yaliyong'aa kila jozi ilipofunuliwa, yale aliyoyapeleka kazini moyoni wiki nzima akiwaogesha wazee, hayakuwahi kumtazama yeye. Yalikuwa yanapita juu ya bega lake, kila mara, kwenda kwa mtu mwingine. Miezi mitatu alikaa zulia moja na mwanawe, katikati ya mazungumzo ya watu wawili, kama kabati.

Kewal alikuwa nje ya mlango wake walipofika. Aliuliza mambo yamekwendaje, Shem akasema vizuri. "Mdomo unasema vizuri," Kewal alisema, "uso hapana." Kisha, kwa kuwa ni mtu mzima, hakuuliza zaidi, akamwita Rita aje amsaidie kumlisha paka.


Milka aliingia saa kumi alasiri, koti juu ya sare. Aliliona boksi mezani, limefungwa, pembe moja imebonyea kwa maji. Hakuvua koti.

"Ilikuwaje?"

"Betri zilikuwa wodini," Shem alisema, na alipoona hakuelewa, akamsimulia. Alisimulia yote bila kupandisha sauti, mpaka kwenye tangazo la moto, mpaka kwenye utani wa Ronny, mpaka kituo cha basi. Milka aliketi polepole kwenye kiti cha karibu. Hakukana. Uongo ulikuwa umemchosha kuliko zamu, na kwa namna fulani alikuwa anaona afadhali.

Alisema mara ya kwanza lilikuwa neno moja tu, mwiko. Mtoto alikuwa anakaribia kulia, naye Shem amekunja uso kama hakimu, ndipo akamwonyesha kwa mdomo. Hakupanga. Mara ya pili Rita alimtazama kabla hata hajafunua, na kuanzia hapo hakujua pa kuachia.

"Miezi mitatu, Milka."

"Najua."

"Umeniacha nikasimama mbele ya watu nikajivunia hewa. Mbele ya Ronny."

"Kwa hiyo kinachokuuma ni Ronny."

"Kinachoniuma ni wewe." Sasa sauti ilipanda. "Umemfundisha mtoto wangu kunidanganya nikiwa nimekaa naye magoti kwa magoti. Umemwambia asinitazame. Mtoto wa miaka saba, Milka. Sijui hata nitaanzia wapi kumwamini, wala wewe."

Hilo lilimpata. Milka alitazama mikono yake. Ni kweli alikuwa amesema maneno hayo, asimtazame Baba, na kila alipoyakumbuka wodini, akigeuza mgonjwa au akiandika joto la mtu, alijisikia kama aliyeiba sadaka. Alimwomba radhi. Alisema hilo amekosa na hana la kujitetea. Kisha akainua kichwa.

"Lakini ulimchukua mtoto wangu ukamweka juu ya meza pamoja na vigae. Ukaniambia akikosa, ananitoka. Mimi ningecheza vipi?"

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Ameombwa radhi, ana haki, na chai iko jikoni. Lakini Shem alikuwa amedharauliwa tangu asubuhi, na sasa kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa juu. Alitaka kukaa juu kidogo. Alisema sharti ni sharti. Pasaka imefika, vyote ishirini havikutajwa, kilichotajwa ni mbuzi. Rita anaenda Julai, na ili pasiwe na michezo mingine ndani ya michezo, anampigia mama yake sasa hivi, Milka akisikia.

Akaisimamisha simu mezani, imeegemea boksi.


Kitale ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Mama Nafula, mamake Shem, alipokea akiwa jikoni kwake, mwanga wa moto upande mmoja wa uso, na alipowaona wote wawili kwenye kioo cha simu alifurahi mpaka akasahau kusalimu. Akauliza jua limetokea wapi leo, wamekaa pamoja kama watu wanaopigwa picha. Kisha, kabla Shem hajafungua mdomo, akamgeukia Milka.

Alisema amefurahi sana kumwona, kwa maana amejizuia miezi yote hii. Kila Milka alipomsalimia alitaka kumshukuru akajikaza, kwa kuwa Shem alimkanya asilitaje jambo lile, Milka ataona aibu. Lakini sasa kwa kuwa wamepiga wenyewe atasema. Chumba kimeshapakwa rangi. Jina la Rita limeshaandikishwa shuleni. Asione aibu hata kidogo, mama kuchoka si dhambi.

"Mama," Milka alisema taratibu, "kuchoka na nini?"

"Si ni zile zamu za usiku, mwanangu. Shem aliniambia. Kwamba zimekushinda pamoja na mtoto, na wewe mwenyewe ukaomba nikulelee kuanzia Julai."

"Alikuambia lini?"

Mama Nafula alifikiri. Hakuwa na sababu ya kuficha kitu. "Ilikuwa Krismasi. Siku ya pili yake, ng'ombe alikuwa amezaa."

Nje Rita alisikika akimwita paka wa Kewal kwa jina. Milka alikuwa anarudi nyuma kwa hesabu ndogo sana: Krismasi iko Desemba, na masharti ya vigae aliwekewa Januari, akiosha vikombe. Alikumbuka ulimi wake ulivyokauka Jumamosi zile kwa kusema bila sauti. Kikapu. Jembe. Ng'ombe. Kumbe alikuwa anamtetea mtoto katika kesi iliyokwisha hukumiwa.

"Kwa hiyo ulishampeleka," alimwambia Shem. "Kabla Kewal hajashika msumeno. Tena ukamwambia mama ni mimi niliyemchoka mwanangu."

"Nilikuwa natafuta njia ya kumweleza. Nilikuwa na hasira, Krismasi ile. Ningeghairi. Angetaja vyote ningeghairi."

"Alitaja vyote Machi. Ulikimbia na soksi mpaka kwa jirani. Leo ni Aprili, Shem. Ulighairi lini?"

Ukweli ni kwamba Shem alikuwa ameisahau ile simu, kama mtu anavyosahau moto aliouacha jikoni kwa watu wengine. Au alijisahaulisha, hapo yeye mwenyewe hana hakika. Kwenye kioo Mama Nafula alikuwa ametulia, anamtazama mmoja kisha mwingine, na mwiko umesimama mkononi. Alianza kuelewa chumba alichokipaka rangi alikipakia uongo gani.

"Shem," alisema. "Milka hakuomba?"

Kwa kuwa Shem alikuwa hana pa kusimama kwa mkewe, alikimbilia kwa mamake, kama anavyokimbilia kila mwanamume wa namna yake. Alisema yote ameyafanya kwa ajili yake. Yeye ndiye anayezeeka huko peke yake. Kuna faida gani kuwa na mjukuu kisha akifika hapo mnatazamana kama mabubu? Alitaka siku moja wakae pamoja waongee, basi. Kama hilo ni kosa, amekosa.

"Nani alikuambia hatuongei?" Mama Nafula aliuliza.

"Mama, mtoto hajui Kiswahili. Leo nimemwona kwa macho yangu."

"Mimi naye tunaongea kila Jumapili, ukiwa kazini. Milka hutuwekea simu akaenda zake jikoni."

"Mnaongea kwa lugha gani? Yeye Kiingereza, wewe Kiswahili. Hayo si mazungumzo."

Mama Nafula aliuweka mwiko chini. Akaisogeza simu karibu, mpaka kioo kizima kikawa paji la uso na macho mawili.

"Huyo usiyemhesabia Kiswahili huniuliza kila Jumapili nimekula nini, na nikimwambia ugali, ananiuliza na nini. Wewe unakijua chote, Shem. Wewe uliniuliza lini?"